Malori ya safari ndefu yanatafuta nini mtaani kwetu?

Ikiwa unaishi katika mojawapo ya mitaa iliyobanwa kati ya Barabara ya Mombasa na ile ya Outer Ring hapa Nairobi, basi huhitaji saa ya mezani kukuamsha. Kabla ya mwadhini kuadhini na kabla ya matatu ya kwanza kupiga honi, vioo vya madirisha huanza kutetemeka, vikombe vikagongana kabatini na mtoto mchanga akaangua kilio. Hilo ni trela. Limetoka huko lilikotoka na kontena la futi 40 mgongoni, nalo limeamua kukatiza mtaani kwetu ili liukwepe msongamano wa magari ulio mbele yake katika barabara kuu.

Majuma mawili yaliyopita nilisimama kando ya barabara yetu saa kumi na mbili u nusu asubuhi, wakati ambapo watoto wa shule za msingi huwa njiani kwenda masomoni. Sikuwa nimekwenda kufanya utafiti wowote. Nilikuwa nimetumwa maziwa. Karibu nami alisimama nyanya mmoja aliyemshika mjukuu wake mkono. Barabara yenyewe ina upana wa magari madogo mawili yanayopishana kwa adabu. Upande mmoja kuna mtaro usio na kifuniko, na upande wa pili kuna vibanda vya mboga na mandazi. Njia ya waendao kwa miguu haipo.

Basi likaja trela, na nyuma yake jingine, na nyuma ya hilo lori lililojaa saruji. Sote tulirudi nyuma hadi visigino vyetu vikawa ukingoni mwa mtaro. Mama muuza mandazi alilikinga karai lake kwa leso ili vumbi lisiingie kwenye mafuta. Yule mtoto alimkumbatia nyanyake kiunoni, akafumba macho mpaka ngurumo ilipopita. Alivyofanya hivyo bila kuambiwa nikajua ni desturi yake ya kila siku.

"Mwanangu," nyanya aliniambia, "mimi nimeishi hapa tangu nyumba hizi zikiwa na rangi. Zamani tulikuwa tukiogopa ng'ombe walioletwa mjini kutafuta majani wakati wa kiangazi. Lakini ng'ombe akikuona hukupisha."

Sikuwa na la kumjibu. Bahati nzuri, au bahati mbaya, trela la pili lilikwama kwenye kona ya duka la dawa, maana kona hiyo haikuchorwa kwa ajili ya gari refu kama behewa la gari la moshi. Taniboi aliruka chini na kuanza kumwelekeza dereva: rudi, kata, simama, kata tena. Nilipata nafasi ya kumsogelea dereva na kumwuliza kwa upole kilichomleta huku.

"Mzee," alinijibu akijipangusa jasho, "wewe unadhani mimi napenda kupita hapa? Nikikaa kule barabara kuu nitafika bohari limefungwa. Likifungwa nalala garini, na kesho tajiri ananiuliza nililala kwa nani. Halafu hakuna kibao kilichonikataza. Kungekuwa na kibao ningetii."

Taniboi wake aliyasikia maneno hayo ya mwisho akacheka mpaka akashika tumbo. Hapo nami nikaelewa kibao hicho kingetiiwa kiasi gani.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo, na ningependa tulijadili leo kama jamaa waliokaa sebuleni, maana ni jambo la familia. Linahusu iwapo mtoto wa miaka minane anaweza kutumwa chumvi dukani na mama yake asibaki akichungulia dirishani.

Kwanza tuweke wazi tunazungumzia lori lipi. Mimi si mmoja wa wale wanaotaka malori yote yafukuzwe mitaani. Unga tunaokula uliletwa na lori. Kokoto, mchanga na saruji zilizojenga fleti tunazopanga ziliingia kwa lori. Maji yakikatika, na sote twajua yanavyokatika, mwokozi wetu ni lori lenye tangi. Hata takataka zetu, siku zinapobahatika kuzolewa, huzolewa na lori. Malori haya yana shughuli mtaani. Yanaingia, yanashusha au kupakia, kisha yanakwenda zake. Kuyazuia ni kujifungia njaa mlangoni.

Lori ninalolilalamikia ni lile lisilo na shughuli yoyote kwetu. Huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma, kama mgeni anayekatiza sebuleni mwako na viatu vyenye matope ili awahi kwa jirani. Mzigo wake hauna hata pakiti moja inayoshuka hapa. Labda unakwenda Nakuru, labda Kampala, labda Kigali. Sisi linatuachia vumbi, moshi na mashimo.

Kuhusu mashimo, nawaomba wanafunzi walete kalamu na karatasi, kwani hapa pana hesabu ambayo watu wazima wengi hawajawahi kuifanya. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga vipande vya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, kisha wakawaweka askari wa jeshi kuendesha malori juu yake mchana na usiku, yakizunguka na kuzunguka, ili wajue barabara huharibika vipi. Kutokana na jaribio hilo ilipatikana kanuni ambayo hadi leo wajenzi wa barabara huitumia kukadiria: madhara ya ekseli kwa barabara hayaongezeki sawa na uzito, bali huongezeka kwa uzito kuzidishwa kwa wenyewe mara nne.

Tuifanye hesabu hiyo. Ekseli ya gari dogo la familia aghalabu haifiki hata tani moja, lakini tuifanye tani moja ili mambo yawe mepesi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli ya lori yenye magurudumu manne ibebe hadi tani 10, na lori zima lenye ekseli saba lisizidi tani 56. Sasa zidisha 10 kwa 10 kwa 10 kwa 10. Utapata 10,000. Maana yake ni kuwa ekseli moja ya lori, tena lori linalofuata sheria, ikipita mara moja hudhuru barabara kama vile ekseli ya gari lako dogo ikipita mara 10,000. Na kama tajiri amezidisha mzigo, ekseli hiyo ikabeba tani 12 badala ya 10, usidhani madhara yameongezeka kidogo tu. Zidisha 1.2 kwa yenyewe mara nne na utaona yamezidi maradufu.

Barabara kuu hujengwa kwa kutarajia mzigo huo. Chini ya lami yake kuna matabaka mazito ya mawe yaliyoshindiliwa. Barabara ya mtaani ni tabaka jembamba la lami lililotandazwa juu ya udongo, na udongo wetu wa Eastlands ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyesha na kupasuka ukikauka. Chini yake hupita mabomba ya maji safi na ya maji taka. Ndiyo sababu bomba likipasuka mtaani tunailaumu kampuni ya maji, ilhali pengine aliyelipasua alikwishafika Naivasha na anakula chakula cha mchana.

Lakini barabara hutengenezwa upya. Mtoto hatengenezwi upya. Kuna mambo mawili kuhusu malori ambayo kila mzazi angefaa kumweleza mwanawe leo hii baada ya chakula. La kwanza ni kwamba lori refu linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za magurudumu ya mbele. Hukata ndani zaidi, karibu na ukingo. Mtoto aliyesimama kwenye kona huiona pua ya lori ikipita mbali naye, akadhani yuko salama, kumbe mkia unamjia. Asisimame konani hata siku moja. La pili, dereva aliyeketi juu hawezi kuona kila mahali. Mbele kabisa ya bampa, kando ya mlango wa abiria na nyuma ya gari kuna sehemu ambazo kwake ni giza tupu. Mfundishe mwanao hivi: usipouona uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, basi naye hakuoni. Wapo madereva waungwana wengi, lakini uungwana hauna macho ya ziada.

Sitakawia kwenye moshi. Itoshe kusema kwamba mwaka wa 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vibanda vyetu vya mandazi viko hatua mbili kutoka kwenye bomba la moshi huo.

Wengine wataniambia nachokoza jambo dogo wakati taifa lina makubwa. Wakumbuke jioni ya Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani katika kaunti ya Kericho. Lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hiyo ilikuwa barabara kuu, si ya mtaani, nami sitaki kuchanganya mambo. Lakini wale waliokufa hawakuwa wasafiri wote. Wengi walikuwa kazini pao, wakiuza mboga na matunda, mahali ambapo soko na njia ya malori vimekuwa kitu kimoja. Tunapoiruhusu njia ya malori ihamie mtaani, tunakuwa tumelijenga soko la namna hiyo sisi wenyewe.

Halikadhalika wapo watakaonitajia mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, wa usiku wa Februari 1, 2024, ambapo lori lililosheheni gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu, wengine wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mkasa huo ni wa aina nyingine. Lori lile halikuwa likikatiza, lilikuwa limefika. Hapo kosa ni la kuruhusu biashara ya hatari ikae ukuta kwa ukuta na vyumba vya kulala, na hakuna kibao cha barabarani ambacho kingeizuia. Nalitaja ili tusije tukadhani kwamba kuzuia malori ya kukatiza kutatibu kila ugonjwa wa mtaa.

Sasa, serikali haikulala kabisa. Wenye umri wangu watakumbuka kwamba zamani kila lori lililotoka Mombasa kwenda Malaba lilipita katikati ya Nairobi, kwenye Uhuru Highway, likizunguka mizunguko yote hadi Waiyaki Way, ubavuni mwa wafanyakazi wanaokwenda ofisini. Barabara ya Southern Bypass iliyokamilika mwaka wa 2016, yenye urefu wa kilomita zipatazo 28, ilitoa njia ya kupita pembeni, kutoka Barabara ya Mombasa, kando ya mbuga ya wanyama, ikapita Lang'ata na Dagoretti hadi kuelekea Kikuyu. Mombasa nako ilijengwa barabara ya Dongo Kundu ili gari litokalo Miritini likielekea Lunga Lunga na Tanzania lisihitaji kuvuka kwa feri ya Likoni.

Tatizo la barabara za pembeni hapa kwetu ni kwamba hazikai pembeni kwa muda mrefu. Tazama Eastern Bypass. Ilipokuwa ikijengwa, sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa nyasi na mashamba. Leo Utawala ni mji, Kamakis ni mahali pa kula nyama choma, na mama mboga ameweka meza yake mita chache kutoka magurudumu ya trela. Hatukuifuata njia ya malori kwa sababu tunapenda kelele. Tuliifuata kwa sababu ardhi ilikuwa na bei nafuu na usafiri upo. Kwa hivyo mtu anapojenga barabara ya malori bila kupanga nani atajenga nini kando yake, amejenga tu barabara nyingine ya mtaani ambayo haijapata wakazi.

Reli nayo? Treni za mizigo za SGR zilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi Januari 2018, na wengi wetu tulidhani malori yatapungua yenyewe. Mwaka wa 2019 serikali ilipoagiza mizigo ipakiwe kwenye reli badala ya kuachia wenye mali wachague, Mombasa iliandamana, na haikuandamana kwa upuzi. Nyuma ya kila lori kuna dereva, taniboi, fundi wa magurudumu, mama wa hoteli, mlinzi wa kituo cha malori na watoto wao wote. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo bandarini zitarudi Mombasa. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi mno kwa mkazi wa Nairobi kupiga kelele "ondoeni malori" bila kuuliza yanaondolewa na mkate wa nani.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelishughulikiaje suala hili? London ina mpango ulioanza miaka ya 1980. Lori lenye uzito wa zaidi ya tani 18 haliruhusiwi kupita ovyo katika barabara za makazi usiku na mwisho wa juma. Limewekewa barabara kuu zake. Likiwa na mzigo wa kushusha mtaani, mwenyewe huomba kibali, na ni lazima likae katika barabara kuu hadi litakapokaribia kabisa mlango linaouendea. Nimeupenda mpango huo kwa sababu unatofautisha kati ya mgeni aliyealikwa na yule anayekatiza sebuleni, jambo lile lile tulilolianza nalo.

Uswisi walikwenda mbali zaidi. Huko malori hayatembei kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala Jumapili. Mwaka wa 1994 wananchi walipiga kura wakaamua kwamba mizigo inayokatiza nchi yao kupitia milima ya Alps ihamishiwe kwenye reli. Kisha wakafanya lile ambalo wapiga kura wengi husahau, yaani kulipia uamuzi wao. Tangu 2001 lori hutozwa ada kwa kila kilomita kulingana na uzito wake, na mwaka wa 2016 walifungua njia ya reli ya Gotthard inayopita chini ya milima kwa kilomita 57. Malori yaliyovuka milima hiyo yalikuwa kama milioni 1.4 mwaka wa 2000; yamepungua hadi chini ya milioni moja kwa mwaka. Lengo lao lilikuwa 650,000, hawajalifikia. Haya ni matajiri, wenye treni zinazofika kwa dakika, na bado miaka 30 haijawatosha. Tusikate tamaa upesi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Manila, mji mkuu wa Ufilipino, kwa kuwa ni mji wa bandari wenye msongamano kama wetu na mifuko kama yetu. Februari 2014 meya Joseph Estrada alipiga marufuku malori makubwa kupita mjini mchana. Wakazi walifurahi. Lakini bandari iko mjini humo humo, na malori yalikuwa hayana njia nyingine wala muda wa kutosha usiku. Makontena yakarundikana bandarini, meli zikangoja, gharama za kusafirisha mizigo zikapanda, na viwanda vikakosa malighafi. Septemba mwaka huo huo marufuku yakaondolewa. Meya hakukosea kuona kwamba malori yanawaumiza watu wake. Alikosea kufunga mlango kabla ya kufungua mwingine.

Ndipo narudi mtaani kwetu. Kwetu mlango mwingine upo: barabara kuu ipo, Southern Bypass ipo, Eastern Bypass ipo. Lori halikatizi mtaani kwa kukosa njia, linakatiza kwa kukosa subira, na tajiri amelifanya kukosa subira kwa kumhesabia dereva saa. Kwa hiyo sioni sababu ya kuogopa kwamba tutaidhuru bandari tukifunga njia ya mkato ya mita mia nane.

Tufunge vipi? Kibao cha duara chenye mduara mwekundu na picha ya lori ni lazima, kwani bila hicho polisi hana kosa la kumshtakia dereva. Lakini kibao peke yake, kama taniboi alivyonifundisha kwa kicheko chake, ni pambo. Mitaa mingine imesimamisha chuma cha kuvuka barabara juu, kiasi kwamba gari refu haliwezi kupita. Hicho husimamia sheria saa 24 na hakili chai. Tatizo ni gari la zimamoto. Nyumba ikiwaka moto usiku, na Nairobi nyumba huwaka, chuma hicho kitawazuia waokoaji kama kinavyozuia trela. Chaweza kutengenezwa kwa bawaba kifunguke kwa ufunguo, ila swali huwa ufunguo uwe na nani. Katika mtaa mmoja ninaoujua, ufunguo ulikuwa na askari wa lango ambaye alikuwa amekwenda mashambani kwa mazishi.

Mimi napendelea njia ya kuikata barabara katikati: kuweka nguzo au vyungu vikubwa vya maua mahali pamoja, ili gari liingie mtaani kutoka upande wowote lakini lisiweze kutokea upande wa pili. Lori la saruji litaingia, litashusha, litarudi lilikotoka. La kukatiza halitakuwa na sababu ya kuja. Wenye magari madogo watalalamika kwamba nao wamezuiwa kukatiza. Watakuwa wanasema kweli, nami ni mmoja wao. Nitazunguka kwa dakika tano zaidi kila jioni. Ni bei ninayoweza kulipa.

Sasa usiondoke mwisho wa juma huu ukaanza kumimina zege barabarani usiku na wenzako. Hilo ni kosa, na mawe yaliyorundikwa gizani yamewahi kumwua mwendesha bodaboda mara nyingi kuliko yalivyozuia trela. Ipo njia halali. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inazipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, pamoja na usimamizi wa magari na maegesho. Serikali ya kitaifa inabaki na barabara kuu. Katikati yao ipo mamlaka ya barabara za mijini iliyoundwa chini ya sheria ya barabara ya 2007. Hapo ndipo wakazi huzungushwa, kila ofisi ikiwaambia barabara hiyo ni ya ofisi nyingine. Mwendapo mara ya kwanza msiombe chochote ila jibu la swali moja, kwa maandishi: barabara hii ni ya nani? Mkipata karatasi hiyo mmefika nusu ya safari.

Kisha mwandike ombi rasmi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa wakuu wa umma, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inawaruhusu wakazi kulipeleka ombi lao kwa bunge la kaunti. Barua isemayo "malori ni mengi na yanatusumbua" itawekwa chini ya nyingine zinazosema hivyo hivyo. Barua yenye hesabu itasomwa.

Hapa nina kazi kwa wanafunzi walio likizoni. Vijana wanne, wawili kila mwisho wa barabara, wakiwa na madaftari na wakiwa wamekaa mahali salama mbali na ukingo. Kila lori likiingia, waandike saa, idadi ya ekseli na tarakimu tatu za nambari yake. Wale wa upande wa pili waandike vivyo hivyo kwa malori yanayotoka. Jioni mlinganishe madaftari. Lori lililoingia saa moja na dakika tano na kutoka saa moja na dakika kumi upande wa pili halikushusha kitu; lilikatiza. Lile lililokaa saa nzima lilikuwa na shughuli, nalo lisihesabiwe kuwa adui. Mkifanya hivyo siku ya kazi, Jumamosi na siku ya mvua, mtakuwa na ushahidi ambao mhandisi wa kaunti mwenyewe pengine hana.

Mtaani kwetu tumeanza. Nyanya yule alitoa kiti chake cha plastiki kikae nje ya lango upande wa juu, na mama wa mandazi akakubali vijana wa upande wa chini waketi nyuma ya kibanda chake, mradi wanunue chai. Mjukuu naye alitaka kuhesabu. Tumempa kalamu nyekundu na ukurasa wake mwenyewe, akiwa ndani ya lango, na kazi yake ni kupiga mstari kila mara vioo vya dirisha vinapotetemeka. Siku ya kwanza aliujaza ukurasa kabla ya saa mbili asubuhi, akaja kuomba mwingine.